Honi Mbili Getini

Katika nyumba ile walikaa watu wawili na marehemu mmoja ambaye hakuruhusiwa kufa.

Marehemu alikuwa dereva wa teksi, mrefu kupita kiasi, na jina la Twiga lilimganda mpaka mama yake mzazi naye akawa anamwita hivyo. Alianguka kijiweni mchana kweupe, akiwa anacheka na wenzake, na hakuinuka tena. Mwenzake mmoja akalirudisha gari nyumbani, akaliegesha uani pua ikitazama geti, akakabidhi funguo na kuondoka amejiinamia. Tangu siku hiyo gari halikusogea hata shubiri. Waliobaki ndani ni mkewe aliyekuwa fundi cherehani, na mama wa Twiga, bibi mwenye mikono imara na kumbukumbu iliyotoboka kama chujio.

Siku za mwanzo mke alivaa gauni jeusi, kama ilivyostahili. Kila asubuhi Mama alimkuta jikoni, akamtazama juu hadi chini, akauliza, "Nani amekufa?" Akaambiwa. Akalia kilio cha mama aliyepata habari sasa hivi, kwa sababu kwake ilikuwa kweli ndiyo kwanza anaipata. Kesho yake akaamka amesahau, akaliona gauni, akauliza tena. Ni nani mwenye moyo wa kumuua mtoto wa mtu kila siku asubuhi, mbele ya mama yake? Mkewe hakuwa nao. Akalitundika gauni jeusi nyuma ya mlango, akavaa la maua, na alipoulizwa Twiga yuko wapi akajibu, "Amesafiri, Mama."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha kifo je, ataumbuliwa na nini? Hapo wahenga walinyamaza, wakamwachia mjane ajitafutie jibu mwenyewe.

Alasiri moja Mama akasema, "Mwanangu amepiga honi. Nenda kamfungulie."

Twiga alikuwa na honi yake: mbili fupi, getini, kila arudipo. Mke akaenda, akafungua. Barabara ilikuwa tupu. Kesho yake ikawa hivyohivyo, na kesho kutwa. Alipotaka kutia komeo Mama alimkemea: "Utamfungia mwanangu nje?" Basi geti likawa linarudishiwa tu, linalialia kila upepo ukipita. Naye Mama akazoea kwenda kuketi kiti cha nyuma cha gari, mlango nusu wazi, akizungumza na kisogo cha mtu asiyekuwepo. Kijitaa cha ndani kikabaki kinawaka siku nenda siku rudi, kikainyonya betri mpaka ikakauka kabisa.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni kwamba mke naye alianza kusikia.

Alisikia chini ya mlio wa cherehani. Akikanyaga pedali, honi mbili. Akiinua mguu, kimya. Akikanyaga, mbili tena. Alijua fika kwamba gari lililokufa betri halipigi honi. Lakini masikio hayasikii hoja, na mwili wake ulikuwa umeanza kuinuka kitini kabla hajaamua kuinuka.

Zaidi ya yote alijua yeye ndiye aliyemwita. Kila asubuhi Twiga alipotia gari moto aliteremsha kioo na kuuliza, "Nikuletee nini?" Naye mke alijibu, "Jilete mwenyewe." Ulikuwa mchezo wao wa miaka. Hata asubuhi ile ya mwisho aliuliza, naye akajibu hivyohivyo, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona. Twiga hakuwa mtu wa kusahau agizo. Angeagizwa sindano angeleta sindano. Sasa ameagizwa ajilete, na kila alasiri anahangaika getini kutimiza, maskini, na yeye aliyemwagiza anaogopa kufungua.

Ndipo akaamua gari liondoke. Likiondoka gari, alijiambia, na honi itaondoka. Sharti lake lilikuwa moja: Mama asione mgeni akiendesha gari la mwanawe.

Akamwita fundi umeme wa magari, mtu mfupi mwenye maneno marefu, aliyejulikana mtaani kwa jina la Washa. Washa akamtafutia mnunuzi, msambazaji mikate, mtu mpole na mrefu wa kutosha kugonga vizingiti. Wakaja baada ya chakula cha mchana, saa ambayo Mama hulala.

"Polepole, kaka," mke alinong'ona. "Kuna mgonjwa ndani."

"Mimi na kelele wapi na wapi, dada?" alisema Washa kwa sauti iliyotosha kuamsha mtaa. Akatoa mkobani kifaa cha kushtulia betri, cheusi, kikubwa kama nusu ya tofali, chenye nyaya mbili fupi na vibanio mdomoni. "Zamani ungetafuta gari la jirani mliweke ubavuni, au wanaume wanne wa kusukuma. Siku hizi unabeba mkobani."

Mwenye mikate akaingia kwenye kiti cha dereva. Mke alisubiri akisogeze, maana kila aliyewahi kukalia kiti kile alilalamika kwamba miguu haifiki. Hakukisogeza. Kilimtosha.

Washa akafungua boneti, akabana kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi. Akakitazama kifaa. Hakikuwaka hata taa moja.

"Kimeharibika?" mke aliuliza.

"Kizima. Ila hakioni kitu." Washa akakikung'uta kidogo. "Betri ikifa sana, kifaa kinadhani hakuna betri. Kinasema hapa sijafungwa popote, nisitoe umeme bure. Ina maana tukilazimishe. Kuna kitufe, unakibonyeza unakishikilia, kinatoa umeme kwa upofu. Hapo hakikulindi tena. Ukikosea nyaya, shauri yako." Akakagua tena chekundu, akakagua cheusi. "Nilazimishe?"

Mke alitazama dirisha la chumba cha Mama. Pazia lilikuwa limetulia.

"Lazimisha."

Washa akabonyeza, akashikilia. Gari likapiga honi.

Fupi. Halafu nyingine. Washa akaruka, akachomoa kibanio cheusi, honi ikakatika. "Samahani, samahani! Ni king'ora. Umeme ukirudi ghafla kinadhani gari linaibiwa. Ngoja nikate waya wake."

Mke hakumsikia. Alikuwa ameshika nguzo ya kamba ya nguo. Honi mbili, na safari hii zilikuwa za kweli, wamezisikia wanaume wawili wenye akili zao. Nyuma yake mlango ukafunguliwa.

"Si nilikwambia?" alisema Mama. "Nimesema amekuja, mkaniona mwehu."

Alisimama kizingitini akifunga khanga. Boneti ilikuwa juu. Kilichoonekana cha dereva ni kiwiko tu, dirishani. Washa alifanya alichojua kufanya: aliukata waya wa king'ora, akarudisha kibanio, akabonyeza, akasema chini kwa chini, "Piga." Mwenye mikate akapiga stata. Gari likakohoa, likagoma, likakohoa tena, likawaka. Washa akachomoa vibanio, akashusha boneti.

Mama alikuwa ameshafika dirishani. Akaingiza mkono, akaushika utosi wa mtu yule. Mwenye mikate akaduwaa, akamtazama mke, na kwa jinsi mke alivyomtazama akaelewa kiasi. Akainamisha kichwa, akaacha kishikwe.

"Mbona unaondoka tena, hata hujala?" Mama aliuliza. Kisha akamgeukia mkwewe. "Mwambie azime, aje ale kwanza."

"Likizimwa, siweki sahihi kwamba litawaka tena," Washa alinong'ona. "Kifaa nacho kimeishiwa. Aende, asizime mpaka afike mbali."

Mke alifungua mdomo. Neno "zima" lilikuwa limekaa tayari kwenye ulimi. Angelisema, mchezo ungeendelea: Mama angekula na mwanawe wa hewani, honi zingerudi, gauni la maua lingefuliwa na kuanikwa mpaka lichanike.

"Ana safari, Mama," alisema. "Mwache aende."

Mama akautoa mkono wake kwenye kile kichwa, taratibu. "Haya. Usiendeshe na hasira."

"Ndiyo, Mama," alisema mwenye mikate. Na kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akihangaika atafute la kusema kabla ya kuondoka, akaongeza lile ambalo kila msafiri huliuliza: "Nikuletee nini?"

Mama akacheka. "Mimi? Muulize mkeo."

Mwenye mikate akageuza uso kwa mke. Mke hakuutazama. Alitazama mikono iliyoshika usukani na magoti marefu yaliyokwama chini yake. Injini ilinguruma, na lile jibu la miaka lilimpanda kooni lenyewe, kama mguu unavyojua pedali. Alilimeza. Alimpenda mume wake. Hakuna siku aliyompenda zaidi ya dakika ile.

"Usilete kitu," alisema. "Sihitaji kitu. Nenda salama, mume wangu."

Washa alikuwa amegeukia ukuta akifunga mkoba wake kwa muda mrefu kuliko ulivyohitaji. Mke akaenda akafungua geti pande zote mbili. Gari likapita mbele yake, likaingia barabarani, likaonesha taa ya kona, likapinda. Washa naye akaaga kwa kichwa tu, akaondoka.

Mama ndiye aliyefunga geti. Alisukuma bawa moja, akasukuma la pili, halafu, bila kuambiwa na mtu, akatia komeo.

Mke aliingia ndani, akavua gauni la maua. Akalitoa jeusi nyuma ya mlango, akalivaa, lilikuwa na vumbi mabegani. Alipotoka alimkuta Mama ameketi kwenye ngazi, akiitazama alama ya mafuta pale gari lilipokuwa. Alisimama mbele yake makusudi, ili aonekane vizuri, akasubiri.

Mama alimtazama juu hadi chini. Kisha akasogea pembeni, akapigapiga nafasi kwenye ngazi, na mke akaketi, akamlalia begani, akalia kwa sauti mpaka majirani wakachungulia. Mama akamshika tu. Hakuuliza nani amekufa.