Waya Uliolala

Kabla hata ya kukaanga samaki mkavu wa kifungua kinywa, Aling Consing alifunua friza akachovya kidole ndani ya bakuli. Maji. Siku ya kumi na tisa hiyo, na friza lilikuwa linanguruma tu, halijagandisha hata tone.

Friza lile lilinunuliwa na Jovelyn, bintiye wa pekee, aliyekuwa Hong Kong mwaka wa saba akilea watoto wa watu. Walikuwa wamekubaliana. Likitoa barafu, mama atawauzia wachuuzi wa bandari ya samaki hapo Navotas, wawili watakula, Jovelyn atarudi. Lisipotoa, Ijumaa anatia sahihi mkataba wa miaka miwili mingine. Leo ilikuwa Alhamisi. Consing alikuwa na hamu na mwanawe jamani, hata mkekani bado alilala ukingoni, akiacha upande wa ukutani wazi kama enzi za utoto wa Jovelyn.

Na friza halikuwa na kosa. Marehemu mumewe, Mang Dado, alikuwa fundi umeme, na mambo haya alimfundisha kwa tangi na mpira wa maji. Volteji ni msukumo, alisema, kama tangi lililoinuliwa juu. Mkondo ni yale maji yanayopita. Waya ndio mpira. Ukiwa mrefu na mwembamba, unayakinza. Wakifungua maji watu thelathini kwa mpigo, msukumo unaishia njiani, kila mtu anaambulia matone. Lakini wote wakifunga, maji hayatembei, na mwisho wa mpira msukumo unakuwa uleule wa tangini, utadhani hakuna shida. "Kwa hiyo, Consing, usipime waya uliolala," alizoea kusema. "Utumikishe kwanza."

Waya wa kampuni ya umeme, kutoka barabarani hadi kwenye nguzo ya mita mdomoni mwa uchochoro, ulivutwa kwa ajili ya nyumba nane. Sasa nyumba zilikuwa thelathini na moja. Consing alikwenda ofisini mara nne. Mara fomu siyo hiyo, mara karani kaenda kula. Mwishowe wakamwambia atakuja mpimaji, na kipimo kikisoma chini ya volti mia mbili na saba, waya utabadilishwa.

Saa nne mfuniko wa sufuria uligongwa. Alikuwa Aling Pacing, jirani wa nyumba ya kwanza, na uchochoroni kila mtu alijua maana yake: gari la kampuni limefika. Wachache walikuwa wameiba umeme kweli. Wengine walikuwa na woga wa kurithi tu. Feni zikasimama, pasi zikachomolewa, redio zikanyamaza. Consing naye akachomoa friza. Mazoea yana taabu, mkono ulitangulia kichwa. Kisha akatimua mbio kwenda nguzoni, moyo umejaa furaha.

Mpimaji, bwana mmoja mtaratibu aitwaye Villaruel, aligusisha ncha za kipimo chake, akasoma, akaandika.

"Mia mbili ishirini na nane. Umeme wenu mzima, mama. Kuliko hata wa kwangu."

Consing alitaka kubisha, ndipo akausikia ukimya. Hakuna feni hata moja.

"Ngoja kidogo, baba. Wamezima wote. Waya umelala, hauwezi kusema kweli. Wacha wawashe, upime tena."

"Fomu ina kisanduku kimoja, mama. Nimeshakijaza."

Alirudi mbio uchochoroni akigonga milango, akiwasihi wawashe. Walisitasita. Pacing ndiye aliyeanza, wakafuata wengine, na Consing akachomeka friza lake. Aliporudi nguzoni, taa iliyokuwa juu ya mita ilikuwa imefifia, imekuwa ya njano kama kiini cha yai. Villaruel aliitazama. Kipimo kilikuwa tayari mkobani.

"Naona, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Lakini kuona siyo kipimo. Omba upya. Miezi mitatu hivi."

Akaondoka zake.

Saa tisa, mtoto wa tajiri alipolala, Jovelyn alipiga simu.

"Yameganda, Mama?"

Neno moja tu, ndiyo, na mwanawe angepanda ndege. Consing alilionja neno hilo ulimini, likawa tamu ajabu. Lakini angerudi ale nini? Akafunua friza, akachovya kidole.

"Bado, mwanangu. Ni maji tu."

"Basi kesho natia sahihi."

"Tia, mwanangu. Usisahau kula."

Alipokata simu alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa gauni, akaenda jikoni kwa Pacing. Pacing alianza kuomba radhi. Consing akamwambia hana la kumlaumu, wote walizima, hata yeye. Kisha akauchukua ule mfuniko, akauweka kwapani.

"Wakija tena, wakute kila kitu kimewashwa," alisema.

"Sasa wali wangu nitaufunika na nini?"

"Funika na sahani."

"Mpaka lini, Consing?"

Consing alikuwa ameshafika mlangoni.

"Miaka miwili," alisema.