Ruhusa ya Wifi

Pale ofisini walimwita Kufuli, wala hakuchukia. Ndiye aliyeendesha seva ya hifadhidata ya XML, yaani kompyuta kuu yenye faili za watoto waliolelewa na familia zisizo zao, na ndiye aliyeamua nani asome, nani aandike, nani asiguse kabisa. Ukimwomba ruhusa, atakuhoji mpaka ujute.

Ila wifi yake, dada wa mumewe, Kufuli alimwonea haya. Alipoajiriwa pale kuingiza taarifa, Kufuli alimpa ruhusa ya kuandika kote, hata kwenye faili zilizofungwa.

Asubuhi moja akaona jina la wifi limebadilisha mojawapo ya faili hizo. Akailinganisha na nakala ya akiba. Jina la baba limefutwa, basi. Lilikuwa jina la kawaida, la watu chungu nzima, halikumwambia kitu. Lakini aliingiwa na shaka, maana binti mwenye faili alikuwa ameshaomba kuiona.

Nani kamhonga wifi? Tangu hapo, wifi akiinuka na simu, Kufuli naye anainuka. Akicheka, Kufuli anatega sikio. Mpaka mumewe akauliza, "Mbona unamtazama dada yangu kama kibaka?"

"Macho yangu tu yamechoka."

Hakutaka kumshutumu kabla hajamshika. Akairudisha faili kama ilivyokuwa, akamwondolea wifi ruhusa ya kuandika kwenye faili zilizofungwa, kisha akatulia tuli asikie nani atalalamika.

Wifi aliendelea na kazi zake kama kawaida. Aliyekuja ni mkuu wa ofisi, akifuta miwani isiyo na vumbi.

"Mama, seva inaumwa? Mbona ile faili inakataa kuhifadhi?"

"Faili ipi, mzee? Wewe una ruhusa ya kusoma tu. Umeingia kwa jina la nani?"

Mkuu akavaa miwani. "Usikuze mambo," alisema, akatoka.

Kufuli akamfuata wifi mezani kwake. "Ulimpa mkuu nywila yako?"

"Aliniomba. Alisema kasahau yake. Bosi akiomba, mimi nani nikatae?" Kisha akamkazia macho. "Kumbe ndiyo maana umekuwa ukininyemelea? Ulidhani ni mimi?"

Kufuli alirudi kwenye faili, akalisoma tena lile jina la baba, kisha akafungua akaunti ya mkuu, ambaye wote walimwita kwa cheo tu, na kutazama majina yake kamili. Yalikuwa yale yale, yote matatu.

Aliandika taarifa kwa makao makuu, akaifunga akaunti ya mkuu, na ya wifi akaibadilisha nywila.

Binti alipokuja, mkuu alikuwa ameshasimamishwa kazi. Kufuli alimkabidhi karatasi zake. Aliisoma ya kwanza amesimama, kisha akaomba kiti.

"Huyu baba yangu yu hai?"

"Yu hai. Na anajua unamtafuta."

Binti akatikisa kichwa taratibu, machozi yakimlengalenga. Wifi ndiye aliyemletea maji, akampitia Kufuli kama hamwoni.

Jioni, wakifunga ofisi, Kufuli alimshika mkono. "Nisamehe, wifi yangu. Ningekuuliza tu."

"Ungeniuliza tu," wifi alisema, akiutoa mkono wake polepole. "Nitakusamehe. Lakini si leo."