Miti Inayomfahamu Bwana Arusi

Jumanne ya kwanza ya Aprili, saa nne asubuhi, Ofelia Trujillo alikuwa anakwangua matope kwenye buti zake kwa kisu cha siagi. Simu aliibana kati ya sikio na bega, na upande wa pili mwanamke mmoja wa Nebraska alikuwa anamuuliza kama bado kuna nafasi ya kutoroka mwezi wa Oktoba.

Ofelia akamwambia nafasi zipo tele. Kazi yake ni hiyo, kuwapangia watu kutoroka. Zamani mtu alitoroka kwelikweli: mchumba anashuka kwa dirisha, asubuhi wazazi wanakuta kitanda kitupu. Siku hizi watu wanatoroka kwa miadi. Wana kibali cha kuingia msituni, wana shada la maua lililoagizwa miezi sita kabla, na wana orodha ya vitu vya kubeba, soksi za sufu zikiwa za kwanza. Walio wajanja hawaji wakati wa joto, mlima unapokuwa umefurika watu kama gulio. Wanakuja kwenye misimu yetu miwili mifu. Mmoja ni Mei, theluji inapoyeyuka na mji mzima wa Sorrel kugeuka tope. Mwingine ni mwisho wa Oktoba, majani yakishapukutika na wacheza theluji hawajafika. Miezi hiyo nusu ya maduka hufungwa, wenye hoteli huenda Meksiko kuota jua, na ziwa la juu unalipata peke yako.

Mwanamke yule aliitwa Maren Oakes, umri wake miaka arobaini na moja, kazi yake kusafisha meno ya watu kwenye kliniki. Shida yake ilikuwa baba yake. Mchungaji Oakes alikuwa Mlutheri wa kale, mjane, mwenye moyo uliochoka, na alikuwa amekataa katakata kumfungisha ndoa na Grady Pruett, mwanamume ambaye hapakuwa na mtu kanisani aliyejua kwao ni wapi. Alimwambia binti yake kwamba Bwana Pruett hatawekewa sahani kwenye meza ile mpaka kiletwe cheti chenye muhuri wa serikali. Na Maren akienda kuishi naye bila cheti, basi na yake itaondolewa. Maren alikitaka cheti hicho kabla ya Krismasi. Mengine yote, maua na keki na wimbo, alimwachia Ofelia aamue.

Kisha akasema, huku akicheka, kwamba Grady hakutaka mtu wa kuwapangia. Grady alimwambia kwamba katika jimbo letu watu wawili wanaweza kujifungisha ndoa wenyewe, bila mchungaji wala shahidi, wakatia sahihi karatasi na kuirudisha kwa karani, yakaisha. Mtu wa tatu wa nini? Ofelia aliandika maneno hayo pembeni mwa kalenda, akayapigia mstari.

Walikuja Mei kukagua mahali. Ofelia aliwangojea kwenye mgahawa wa Delphine, maana ndio uliokuwa wazi peke yake. Mlango wa Delphine una tabia yake: lazima uuinue kidogo ndipo uusukume. Kila mgeni huusukuma, husukuma tena, halafu hubisha hodi kama mtu aliyefukuzwa. Grady aliuinua, akausukuma, akamshikia Maren apite. Ofelia akakoroga kahawa yake ambayo haikuwa na sukari.

Alikuwa mwanamume mrefu, msafi, mwenye sauti ya upole, na alimwita kila mtu mama au mzee. Hakutaka mpiga picha. Alitaka kujua karani wa wilaya anafungua dirisha lake siku gani katika msimu mfu. Ofelia akamwambia ni Jumanne tu, asubuhi. Grady akafikiri kidogo, akasema basi wachukue karatasi Jumanne na waoane Jumatano, kwa sababu Jumatano pametulia.

Wakapanda hadi msitu wa aspeni ulio kando ya ziwa, hatua mia mbili kutoka mahali pa kuegesha magari. Hapo miti ikamtazama Grady.

Aspeni ni mti wa gome jeupe, na kila tawi linapoanguka hubaki alama nyeusi yenye kope na mboni, jicho kamili. Mgeni macho hayo hayamjali. Mtu aliyewahi kufika ndiye yanayemgeukia, yakamfuata polepole anapopita, kama watu waliokaa barazani wanavyomfuata jirani. Watoto wetu wanajua hilo kabla ya kujua kusoma, na mwenye jambo la siri hapa Sorrel huenda kulifanyia kwenye misonobari. Wakati wa joto majani huyafunika, na wageni ni wengi mno, kwa hiyo ni vigumu kujua nani anatazamwa.

Mwezi huo wa Mei majani yalikuwa bado. Miti ilimtazama Grady tangu alipofungua mlango wa gari. Kisha mingi kati yake ikahamisha macho kidogo, ikatazama hewa iliyokuwa kushoto kwake, chini kidogo ya bega, mahali pawili ambapo vichwa vya wanawake wafupi vingekuwa. Maren alikuwa kulia kwake, na Maren ni mrefu.

"Bwana Pruett," Ofelia akasema, "ulishawahi kufika huku?"

"Mimi? Mama, mji huu nimeuona leo kwa mara ya kwanza. Hata kwenye ramani ulinipiga chenga."

Maren alikuwa amesimama, ameinua uso, anaitazama miti. Grady akasema mahali panafaa, akarudi kwenye gari kuwasha kipasha joto.

Jumanne iliyofuata Ofelia alikwenda dirishani kwa Boyd Haskins. Boyd ni karani wa wilaya, na aliwahi kuwa mume wa Ofelia kwa miaka tisa, kwa hiyo wanaelewana vizuri. Alimuuliza kama amekuja kumrudia. Ofelia akamwambia aache upuuzi, afungue daftari, atafute Pruett.

Boyd akatafuta. Miaka sita nyuma, mwezi wa Mei, Grady Pruett alichukua karatasi ya ndoa pamoja na Noreen Sikes. Miaka mitatu nyuma, mwezi wa Oktoba, alichukua nyingine pamoja na Jeanette Tull. Muda wa kurudisha ni siku sitini na tatu. Hakuna iliyorudi.

"Kwa hiyo ana wake wawili," Ofelia akasema.

"Hana hata mmoja. Mimi natoa karatasi. Isiporudi, haikurudi. Kwenye daftari langu huyu ni kapera."

"Na hao wanawake?"

"Na hao pia, ni kama hawajaolewa."

"Wanajua?"

Boyd akasema hilo si swali la dirisha lake. Halafu akamkumbusha kwamba kupoteza karatasi si kosa la jinai, akafunga daftari, maana ilikuwa imetimia saa sita.

Ofelia alipiga simu Nebraska mara tatu wiki ile. Mara zote simu ya Maren ilipokewa na Grady, kwa upole. Alisema Maren yuko kazini, Maren anaoga, Maren amelala mapema. Ofelia akaacha ujumbe kuhusu soksi. Miezi yote ya joto alikuwa na hasira iliyokosa pa kwenda, na wateja wake waliona kwamba anafunga maua kwa kuyakaba shingo.

Oktoba wakaja. Jumanne wakachukua karatasi kwa Boyd, ambaye alimwangalia Grady, akaiangalia kalamu, akaandika. Jumatano asubuhi Maren alikuwa nyumbani kwa Ofelia, amevaa gauni na buti, na Ofelia akiwa amepiga magoti anapachika pini kwenye upindo. Alimwambia yote akiwa hapo chini, bila kuinua uso. Alimtajia majina mawili na miaka yake, akamwambia ni kwa nini Jumatano pametulia: dirisha la Boyd limefungwa, na karatasi haiwezi kurudishwa siku ile ile.

Maren akainua gauni kidogo ili Ofelia aufikie upindo wa nyuma.

"Niliyaona yale macho tangu Mei," akasema. "Mwanzoni nilidhani yananitazama mimi. Nikafurahi, mama, huwezi amini. Baadaye nikaona yanapita."

"Basi muulize."

"Nikimuuliza ataondoka. Nisipomuuliza, huenda karatasi hii akairudisha."

Ofelia alitaka kumzaba kofi na alitaka kumkumbatia, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa na pini, hakufanya lolote.

Wakajifungisha ndoa saa tano, kando ya ziwa, kukiwa na baridi kavu. Mbwa wa Ofelia, Shemasi, alipakwa wino kwenye unyayo, akakanyaga karatasi mahali pa shahidi. Jimbo halimkatai, na hiyo ilikuwa ndoa yake ya arobaini na mbili. Maren aliapa akiwa anamtazama Grady. Grady aliapa kwa ufasaha, bila kutafuta maneno. Miti ilimtazama yeye, ikatazama kushoto kwake, mahali palepale pawili, halafu jicho moja baada ya jingine likamgeukia Maren.

Grady akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Nipe mimi," Ofelia akasema, mkono mbele. "Nitamfikishia Boyd Jumanne."

"Usijisumbue, mama. Tutaituma kwa posta."

Mkono wa Ofelia ukabaki hewani. Maren akautazama, akamtazama mume wake. Alikuwa na neno moja la kusema, na wote watatu walijua ni lipi.

"Grady ataituma," akasema.

Siku sitini na tatu zikawa zinayoyoma. Ofelia aliacha kumuuliza Boyd, kwa sababu Boyd alikuwa anatikisa kichwa mara tu anapomwona mlangoni. Katikati ya Desemba Maren alipiga simu mwenyewe. Grady alikuwa amekwenda Wyoming kikazi wiki ya Sikukuu ya Shukrani, mwisho wa Novemba, na simu yake haikuwa inapatikana. Aliuliza kama karatasi imefika. Ofelia akamwambia ukweli. Maren akasema huenda posta ni wazito msimu huu, na Ofelia akasema huenda. Kisha Maren akauliza kama miti ingemtambua akija bila Grady.

"Itakutambua," Ofelia akasema. "Hiyo haisahau mtu."

Krismasi Maren alikula peke yake, kwenye nyumba aliyopanga na Grady, barabara nne kutoka kwa baba yake.

Mwezi wa Mei akamleta mzee. Alikuwa amemweleza kwamba karatasi ilipotea njiani na kwamba mumewe yuko Wyoming. Mzee alijibu kwamba amezika watu na kufungisha ndoa kwa miaka hamsini na habari za karatasi kupotea anazijua. Lakini kama kuna mashahidi, atakwenda kuwaona. Wakaendesha gari Jumatatu nzima. Asubuhi ya Jumanne, kabla hawajapanda ziwani, Boyd alikuwa amemwambia Ofelia kwamba Grady Pruett ameandika kuulizia utaratibu wa Oktoba, yeye na mwanamke mmoja wa Kansas. Boyd alimjibu utaratibu ni ule ule, maana hakuwa na sababu ya kumnyima kapera.

Mchungaji Oakes alitembea zile hatua mia mbili kwa fimbo, akipumzika mara nne. Kuona miti inageuza macho hakukumshtua. Alisema huko kwao wapo waumini wasioweza hata hilo. Alisimama nyuma kidogo, akaitazama kwa makini, kama mtu anayesikiliza ushahidi. Macho yalimlenga Maren. Kisha yakalenga hewa iliyokuwa kando yake, juu ya bega lake, kwa kimo cha mwanamume mrefu.

"Ni huyo?" mzee akauliza.

"Ndiye, baba."

Mzee akavua kofia. Akanyoosha mkono kwenye ile hewa, akaushikilia hapo kwa muda ambao watu hupeana mikono, akasema amekubali. Halafu akageuka, akaona kwamba miti michache ya pembeni ilikuwa inatazama mbele zaidi, mahali pawili pasipo na mtu.

"Na ile inatazama nini?"

Maren akatazama ziwani. Mzee akamgeukia Ofelia. Alimwambia kwamba Ofelia ndiye aliyekuwepo siku ile, ni mtu mzima, na atamwamini kwa atakalosema. Akamuuliza huyu Grady ni mwanamume wa namna gani.

Ofelia alimtazama Maren. Maren alikuwa ameyafumba macho. Mzee alikuwa bado hajavaa kofia, na midomo yake ilikuwa ya buluu kwa sababu ya ule mwendo.

"Alikuja kwa wakati," Ofelia akasema.

Mzee akaitikia kwa kichwa. Hilo alisema ni jambo kubwa, vijana wengi hawana.

Wakashuka kwa Delphine kabla baridi haijazidi. Mzee aliagiza pai ya tufaha na akataka sahani nne. Delphine akazileta nne, akakata vipande vinne. Mzee akaweka sahani ya nne upande wa kulia wa binti yake, akainamisha kichwa, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mkwe wake, kwa jina lake kamili, akamwombea usalama huko Wyoming. Maren akasema amina. Alikula pai yake yote, kisha akavuta ile sahani nyingine, akala na ya mumewe, maana ilikuwa inapoa.