Uzito wa Maneno ya Kimya

Siku aliyopandishwa cheo, Dada Nyaya alianza kwa kurudisha vifaa. Alipanga mezani bisibisi, koleo na kipima umeme, akavipangusa vumbi kwa kitambaa cha miwani, kisha akamkabidhi Kimya, fundi mwenzake wa chumba cha seva. Kimya aliitwa hivyo kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amenyamaza.

"Haya, nenda, dada," alisema Kimya. "Ukifika huko juu usitusahau. Na ukitusahau, basi angalau kikumbuke kiyoyozi, maana hiki kikifa tutakaangwa humu ndani."

Dada Nyaya alipanda hadi ghorofa ya mwisho ya shirika la maji, ambako sasa alikuwa mkurugenzi wa kompyuta zote zinazofungua na kufunga maji ya mji. Mwenyekiti wa kikao cha wakurugenzi alimwonyesha kiti chake. Akaketi, akaegemea, akaona dari.

Dari lilikuwa limejaa maneno. Yalielea yamebanana, meupe kama pamba, yakisukumwa taratibu na upepo wa feni, na kila fungu lilinong'ona kwa sauti ya aliyelisema. Kulikuwa na maneno ya wasoma mita, ya madereva, ya mama wa mapokezi aliyekwisha kustaafu. Karibu na taa alisikia sauti yake mwenyewe, changa kidogo: "Betri za seva zimechoka." Alikumbuka siku alipoitwa kuyaeleza hayo, akasimama pale mlangoni akiwatazama wakubwa usoni. Anayesimama mlangoni hatazami dari.

Sasa alilitazama mpaka shingo ikamuuma. Hakuwa amejua kwamba watu wa chini walikuwa wamesema mambo mengi na mazuri kiasi kile.

"Hayo ni ya mafundi na wenzao," mwenyekiti alimweleza huku akifungua kalamu. "Yakisemwa hupanda. Hayana uzito. Ya kwetu huanguka, ndiyo maana tumeweka meza nene."

Zamu yake ya kuzungumza ilipofika, Dada Nyaya alisema, "Betri za seva zimechoka." Maneno yalianguka mezani kwa kishindo, vikombe vikaruka. Wakurugenzi wakainamisha vichwa, wakaandika. Kabla ya chakula cha mchana betri mpya zilikuwa zimeshaagizwa.

Jioni alimwambia mumewe, fundi cherehani, kwamba chumvi imezidi, na bakuli likapasuka katikati. Mume akapangusa mchuzi.

"Basi humu ndani tuongee kwa ishara, mama watoto," alisema. "Vyombo vyetu havijapandishwa cheo."

Binti yao aliomba aambiwe jina lake, lakini polepole. Mama alimnong'oneza. Jina likatua kiganjani mwa mtoto, lina joto na uzito wa yai, naye akalishika hivyo hivyo hadi usingizi ukamchukua.

Baada ya wiki chache shirika lilikuwa tayari kuwasha mfumo mpya wa kugawa maji. Ulikuwa umesifiwa na kila mtu, na kilichobaki ni sahihi ya Dada Nyaya. Asubuhi moja Kimya alipanda ofisini kwake akihema, akafunga mlango.

"Dada, nimeujaribu ule mfumo. Mtandao ukikatika, vali za mabomba zinajifunga zenyewe na hazifunguki tena. Hospitali itakosa maji."

Maneno yakapanda. Dada Nyaya aliyaona yakimpita usoni, akayadaka kwa mikono miwili. Yakapenya katikati ya vidole kama mvuke, yakagota darini.

"Hebu sema tena."

Akasema tena. Yakapanda tena.

"Basi twende wote mkutanoni, ukawaambie mwenyewe."

"Nikawaambie ili yaende wapi?" Kimya alitazama juu. "Yaseme wewe, dada. Mgonjwa mwenye kiu hataki kujua nani alisema."

Dada Nyaya akaenda mkutanoni akayasema, neno kwa neno. Meza nene ilipasuka kutoka ncha hadi ncha. Wakurugenzi walirudisha viti nyuma, wakatazama ule ufa kwa heshima. Palepale iliamuliwa kwamba mfumo usiwashwe hadi vali zirekebishwe.

"Una jicho la mwewe, mkurugenzi," alisema mwenyekiti, na wote wakapiga makofi.

"Aliyegundua si mimi," alisema Dada Nyaya. "Ni Kimya, fundi wa chumba cha seva."

Maneno hayo yalimtoka yakiwa mepesi. Yalielea juu ya makaratasi, yakapita mbele ya miwani ya mhasibu mkuu, yakapanda. Wote waliyasindikiza kwa macho, kwa adabu, kama watu wanaomtoa mgeni mpaka barabarani. Aliyarudia kwa sauti kubwa zaidi. Yakapanda haraka zaidi.

"Tuendelee," alisema mwenyekiti, akafunua ukurasa.

Mchana alishuka chumba cha seva. Kimya alikuwa chini ya meza, amelala chali, anavuta waya.

"Yameanguka?" aliuliza kabla hajatoka.

"Yameanguka. Meza imepasuka."

Kimya alitoka na vumbi kichwani, anacheka kama mtu aliyepigiwa simu kwamba amepata mtoto. "Hebu yaseme hapa, dada. Nami niyaone."

Akayasema. Yalianguka katikati yao, vigae viwili vikavunjika. Kimya alichuchumaa, akayagusa kwa ncha za vidole, akayazunguka. Kisha akayakumbatia, akajaribu kuyainua. Mishipa ya shingo ilimtoka, lakini hayakutikisika hata kidogo.

"Mazito," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesimama mbele ya mlima. "Loo! Kumbe ni mazito hivi."

Hayo nayo yakapanda, polepole, yakaupita mwanga wa seva. Kimya akachukua bisibisi, akaingia tena chini ya meza, maana waya ulikuwa bado haujakazwa.