Mfuko Uliokwenda Ubelgiji

Usiku wa kuamkia leo niliota nimo ndani ya mfuko wa plastiki. Maji yananifika kiunoni, hewa imejaa juu yangu, na mdomo wa mfuko umekwisha kufungwa. Sikuogopa. Nilitazama fundo nikaona ni fundo langu. Nje ya mfuko nilikuwa nimekaa kwenye kigoda changu cha kila siku, pale yadi ya samaki wa mapambo ya Bwana Kitwe, hapa Kigoma, naendelea kufunga mifuko mingine ya samaki wa kupelekwa Ulaya.

"Hewa inatosha?" nilijiuliza kutoka nje.

"Inatosha," nilijibu kutoka ndani.

"Haya, uende salama. Mwambie Edesi namsalimu."

Edesi ni binti yangu wa mwisho. Yuko Ubelgiji na mumewe, na mimba yake ya kwanza ilikuwa imetimia. Juma lililopita aliniuliza kwenye simu, "Mama, nani atanifunga mkaja?" Kwetu mwanamke akijifungua mama yake huja. Humkanda kwa maji ya moto, humfunga tumbo kwa kitambaa ili lirudi mahali pake, humkalisha arobaini nzima asishike hata ufagio. Huko aliko hawana desturi hiyo. Nilimjibu kwamba Mungu atafungua njia. Nauli ya kule si ya mtu anayefunga mifuko.

Ndotoni jambo hilo lilikuwa jepesi. Nauli ya samaki hulipwa na anayempokea. Basi niliamua kwenda kama samaki, na hakuna aliyeona ajabu.

Sikuwa peke yangu mfukoni. Pembeni yangu alikuwapo samaki jike, mweusi kama mkaa, mwenye mshipi wa manjano. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Nilimtambua mara moja kuwa ni wa lile kabila linalolea watoto mdomoni.

"Shikamoo, mama," alisema bila kufungua mdomo. Majini maneno hupita kwenye ngozi.

"Marahaba, mwanangu. Wangapi humo?"

"Sijui. Nikiwahesabu watatoka."

"Umekula?"

"Sijala tangu nilipowashika. Na yadini hamtulishi tukikaribia safari."

"Ni ili msichafue maji njiani."

"Tunajua," alisema. "Tulikuwa tunakuona unavyogeuza uso ukipita na wewe una muhogo mkononi. Tulishukuru."

Hatukuondoka pale, lakini yadi ikawa uwanja wa ndege. Tulikuwa tumekaa juu ya mzani, na mzani ulikuwa umechoka.

"Mmezidi uzito," ulisema.

"Sisi ni wawili tu," nilisema. "Mimi nimekonda na huyu ni samaki."

"Ninyi hamna tatizo. Tatizo ni maji. Kila siku nawaambia watu, samaki ni mwepesi, kinacholipiwa ndege ni maji yake. Hakuna anayenisikiliza."

"Basi tupunguze maji."

"Mkipunguza mtakufa. Msipopunguza hamsafiri. Sheria zote mbili ni halali na zote nimezikuta hapa."

Nilianza kutoa mizigo yangu. Nikatoa sufuria ya kukandia. Nikatoa unga wa ulezi na pilipili manga ya uji. Mshale wa mzani haukusogea.

"Toa na maneno," mzani ulisema.

"Maneno gani?"

"Hayo uliyopanga kumwambia ukifika. Maneno ya mama ni mazito kuliko maji."

Niliyatoa moja baada ya jingine. Kwamba ameolewa mbali. Kwamba hapigi simu mpaka nimwote. Kwamba chumba chake bado nakifagia kila Jumamosi na hakuna anayelala humo. Kila nililotoa, mshale ulishuka, na mzani ulihema kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani. Nikabakiza moja tu: pole.

"Hilo halina uzito," mzani ulisema. "Na huyu mwenzako, ni mmoja au wengi?"

Nilifungua mdomo nimjibie.

"Namuuliza yeye, ajibu kwa mdomo wake."

"Anaumwa jino," nilisema.

"Samaki ana jino?"

"Kama hana, mbona linamuuma?"

Mzani ulitafakari jambo hilo. Kisha ulijiinua kidogo, kama mtu anayesimama kwa vidole, ili tuonekane wepesi, ukatupitisha.

Akaja daktari wa samaki kutukagua. Alikuwa korongo. Alivaa koti jeupe na miwani, na alitembea akiinua mguu mmoja na kuufikiria kabla ya kuushusha.

"Fungueni midomo," alisema. "Cheti cha afya hakitoki bila kuona koo."

Nilifungua wangu. Alichungulia akasema nina uzee.

"Unaambukiza?" nilimuuliza.

"Ndiyo, lakini polepole. Haya, na wewe."

Samaki hakusogea. Maji ya mfuko yakaanza kutetemeka. Angefungua mdomo, watoto wake wangemwagika mbele ya korongo, na mle mfukoni hamkuwa na hata jiwe la kujificha.

"Daktari," nilisema, "wewe umekula leo?"

"Sijala. Nikiwa zamu hairuhusiwi. Niliapishwa."

"Tangu lini hujala?"

"Tangu niajiriwe."

"Pole sana, baba."

Nadhani alikuwa hajawahi kupewa pole na mtu yeyote wa mfukoni. Aliinama mpaka mdomo wake mrefu ukagusa plastiki. Katikati ya midomo ya samaki kilionekana kijicho kimoja kidogo, kinamtazama. Korongo akatazamana nacho. Koo lake lilipanda, likashuka. Kisha akavua miwani.

"Leo macho yangu si mazuri," alisema, akagonga muhuri.

Sasa tumo ndani ya boksi jeupe, jepesi, na kifuniko kimefungwa. Ni giza. Ndege inanguruma chini ya migongo yetu.

"Giza ni kwa faida yenu," boksi linasema. "Mkiona mwanga mtahangaika, mkihangaika mtamaliza hewa."

Tunatulia. Ndege inashuka mahali ambapo si Ubelgiji. Tunashushwa, tunawekwa chini, na watu wanaondoka. Nasikia mtu akisema kuna saini imekosekana, na mwenye saini amekwenda kula.

Baridi inaingia. Maji yanakuwa mazito kama uji uliolala. Mfuko uliokuwa umetuna unaanza kulegea. Namfikiria Edesi, uchungu umemshika saa hii, na mimi nimekaa chini kwenye saruji ya watu nikisubiri saini. Nahema haraka.

"Mama," anasema samaki, "usimfikirie kwa nguvu. Kunakula hewa."

"Nimfikirieje?"

"Kama ninavyowashika hawa. Bila kutafuna."

Najaribu. Ni kazi ngumu. Ukimpenda mtu unataka kumtafuna kidogo, umkumbushe hili na lile. Namshika Edesi akilini tu, mzima mzima, namwacha apumue. Hewa inakaa.

Nje anapita mtu mwenye viatu vizito. Anasimama. Anaweka kiganja juu ya boksi.

"Humu mna wazima," anasema, kwa lugha nisiyoijua, nami naelewa.

Nasikia zipu. Anavua koti lake, anatufunika, anatusogeza ukutani upepo usikofika. Anabaki amesimama hapo na shati, anatetemeka, meno yake yanagongana, mpaka ndege nyingine inakuja. Sikumwona uso. Mungu amweke popote alipo, na mama yake pia.

Boksi lilipofunguliwa, mfuko wetu ulikuwa unaelea kwenye beseni la kuogeshea mtoto, na beseni lilikuwa chini ya dirisha, chumbani kwa Edesi.

Alikuwa amekwisha kujifungua. Mtoto alilala kando yake amefungwa kama kifurushi. Mkwe wangu alisinzia kwenye kiti, hajavua hata viatu, mkono mmoja ameuegemeza kitandani asije akaitwa asisikie. Edesi hakuwa na usingizi, amefumba macho tu. Alilala kwa ubavu, ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba kitu kinachotaka kumwagika. Alikuwa analia bila sauti.

"Nitoe," niliuambia mfuko.

"Bado."

"Mwanangu yule pale."

"Namwona. Lakini maji ya huku si maji ya kwenu. Ukimwagwa ghafla utakufa kwa mshtuko, na yeye ageuke akukute umekufa. Utaongezwa maji yake kikombe kwa kikombe mpaka uyazoee."

"Maji ya nani?"

"Ya Edesi."

Kilikuja kikombe peke yake, kikamiminwa ndani. Kilikuwa na baridi ya asubuhi, na Edesi amesimama kituoni anasubiri basi, tumbo kubwa, benchi limelowa. Nilikihisi mifupani. Nilingoja.

Kikaja kingine. Ndani yake ilikuwa ngazi ya ghorofa. Watu wanapishana na binti yangu mwezi baada ya mwezi na hakuna anayemuuliza ameamkaje. Kisha bikizee mmoja wa chini anampandishia bakuli la supu, anampa, anashuka bila kusema neno. Nilimshukuru yule mama hapohapo ndani ya mfuko.

Kikaja kikombe cha mwisho. Humo zilikuwamo simu zote alizonipigia. "Niko sawa, mama," anasema. "Tunaendelea vizuri, mama." Kila mara amekaa sakafuni bafuni, bomba ameliacha wazi, ili mumewe asimsikie akilia na mimi nisimsikie akilia.

Maji hayo yalikuwa machungu. Nilitaka kuyatema. Lakini nilikuwa nimefika kwa ajili yake, nikayanywa.

"Sasa mko maji mamoja," mfuko ulisema, na fundo likafunguka.

Nilitoka. Nilitafuta kitambaa cha kumfungia. Mashuka yao yana lastiki pembeni, hayafungi kitu. Taulo zilikuwa fupi. Basi nilivua kitenge nilichojifunga, cha zambarau chenye maua meupe, nikakikunja kwa urefu, nikakipitisha chini ya ubavu wake polepole.

"Pole," nilimwambia.

Edesi hakufumbua macho. Alitoa mikono yake tumboni, akaniachia.

"Kaza, mama," alisema.

Nikakaza.

"Kidogo tena."

Nikakaza kidogo tena, nikachomeka ncha. Alishusha pumzi ndefu na machozi yakakoma. Nyuma yangu, kwenye beseni, samaki alifungua mdomo wake kwa mara ya kwanza, na watoto wakatoka mmoja mmoja, wakaogelea wakizunguka kivuli cha mama yao.

Niliamshwa na simu. Nje jogoo walikuwa wanawika.

"Shikamoo, mama. Nimepata binti."

"Marahaba, mwanangu. Hongera, na pole kwa uchungu."

"Asante." Sauti yake ilikuwa imechoka lakini imetulia. "Mama, ile habari ya mkaja usihangaike nayo. Nimeshafungwa."

"Na nani?"

Nilimsikia akipumua, na nyuma yake mtoto akilia kidogo.

"Nimelala vizuri," alisema. "Nitakupigia baadaye. Na nitakueleza kila kitu, mama, hata yale mengine."

Niliinuka kwenda kuwasha moto. Miguu ilipigwa na baridi, nikajitazama, nikaona nina gauni la ndani tu. Nilikung'uta shuka. Nilichungulia uvunguni. Nilitoka mpaka kwenye kamba ya kuanikia, na mlango niliukuta na komeo lake kwa ndani, kama nilivyouacha. Kitenge changu cha zambarau, nilicholala nimejifunga, hakikuwapo. Nikachukua kanga nyingine, nikajifunga, nikaenda kuwaambia majirani kwamba nimepata mjukuu.