Kuku wa Saa Kumi na Mbili

Siku ile mjinga alikuwa Arcade, na mwenyewe hakatai. Alitumwa kutafuta maana ya rushwa ya kisiasa, akaenda na kinasa sauti, daftari jipya na kalamu mbili. Kufikia saa tisa mchana alikuwa ameshaipata: ameifunga miguu, ameining'iniza kwenye usukani wa pikipiki, na anaisifia manyoya.

Kazi alipewa na Agatha, mhariri wa redio moja ya Mpanda ambayo tutaiacha bila jina kwa sababu Arcade bado anakula hapo. Ulikuwa mwezi wa tisa, kampeni zimepamba moto, na kila mgombea aliyeingia studio alisema anachukia rushwa.

"Nataka dakika ishirini," Agatha alisema. "Waeleze watu rushwa ya kisiasa ni kitu gani. Mfano wa kweli, watu wa kweli. Na usiegemee upande."

"Hata kidogo, dada?"

"Ukichoka, egemea ukuta."

Arcade alipanda basi asubuhi, akapita Sitalike viboko wakiwa wamelala kwenye tope lao, akashuka Kasansa na kukodi pikipiki mpaka Lusambila. Lusambila ni kijiji cha mpunga. Kina kanisa, zahanati, mashine mbili za kukoboa, na mfereji mmoja unaoleta maji kutoka mtoni. Mfereji una lango la bati. Anayeshika ufunguo wa lango ndiye anayejua jaruba la nani litaishi kiangazi.

Ufunguo ulikuwa kwa Gabrieli, mwenyekiti wa kamati ya maji kwa mwaka wa sita, na mwaka huo mgombea udiwani. Bango lake lilibandikwa kwenye kila mti wenye shina la kutosha. Pichani alisimama kwenye baraza lake, na mbele yake foleni ya wanakijiji, kila mmoja na kuku mkononi. Chini iliandikwa: WANANCHI WANASHUKURU.

Mtu wa kwanza ambaye Arcade alimkuta alikuwa Marsela, mjane mwenye majaruba matatu mwisho kabisa wa mfereji. Alikuwa amechuchumaa kwenye tuta akitazama miche yake. Ncha za majani zilikuwa zimeshajikunja kama karatasi iliyosogezwa karibu na moto. Mwenyewe alikadiria imebakiza siku tisa. Siku ya kumi angekuwa anatazama nyasi za kulishia ng'ombe wa watu wengine.

"Mama, wewe unaonaje habari ya maji hapa?" Arcade aliuliza.

"Niseme itoke redioni kweli?"

Hapo Arcade akasema sentensi ambayo huisema kila aendako, bila ubaya wowote, ili watu wasimpotezee muda: "Nina watu wengi wa kuhoji, mama. Sijui kama nitakufikia."

Marsela alimtazama. Akanyanyuka, akaenda nyumbani, akarudi na tetea mwekundu mwenye kidoa cheupe shingoni.

"Karibu mgeni," alisema. "Utanifikia?"

"Ah, mama, sasa hapo tumefika," alisema Arcade, na moyoni akawasifu watu wa Mpimbwe kwa ukarimu. Alimrekodi dakika tatu. Kisha akaondoka na kuku wake, akahoji watu wengine sita, akamwegesha kuku kwenye kivuli cha zahanati akapumzika.

Ilipofika saa kumi na mbili jioni, kuku akasimama. Kamba ya miguuni ilifunguka kwa utaratibu, kama kiatu cha mtu aliyefika kwake. Akajikung'uta, akashika njia.

Arcade alimfuata. Hakwenda mbali kabla ya kukuta kuku wengine. Walikuwa wanatoka upande wa kwa Gabrieli, arobaini hivi, majogoo kwa matetea, wanatembea katikati ya barabara bila haraka, vipande vya kamba vikiburuzwa nyuma. Lori la mpunga lilikuwa limesimama kuwapisha, dereva amezima injini anakula muwa. Kila walipofika kwenye njia ya nyumba fulani, kuku mmoja alichepuka akaingia kwao. Yule mwekundu alichepuka kwa Marsela. Marsela alikuwa anachambua mboga mlangoni. Alimsogezea kuku bakuli la maji bila kuinua kichwa.

"Kuku wangu karudi kwako," Arcade alisema.

"Huwa wanarudi."

"Wote?"

"Wale tunaowatoa kwa kubanwa. Wa kwa mwenyekiti wanarudi kila siku. Asubuhi tunawapeleka tena." Alitupa shina la mboga pembeni. "Wako sikujua kama atarudi. Nilidhani labda wewe ni mgeni tu."

 Arcade aliaga, akaenda kwa Tereza kuuliza kama kwake nako kuku hurudi.

Tereza ni mkunga wa zahanati, na uani kwake kuna kuku thelathini na mmoja, wote wameletwa na kina mama waliojifungua salama. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuvuka barabara. Saa kumi na mbili huwa wanapanda mti wao, wanalala.

"Mmoja tu ndiye aliwahi kuondoka," Tereza alimweleza, huku anaanua mashuka. "Miaka mitatu sasa. Nilimfuata mpaka kwa wenyewe, nikaomba radhi. Sikujua kosa langu. Nikakaa wiki nzima nafikiri, nilimwambia nini yule binti. Ndiyo nikakumbuka. Alikuja uchungu umemshika, nikamwambia, 'Leo mko wengi, sijui kama nitakufikia.'"

Arcade alifunga daftari lake.

"Kunywa maji, mwandishi," Tereza alisema. "Umebadilika rangi."

Asubuhi yake aliamkia kwa Gabrieli, kwa sababu Agatha alisema pande zote, na upande wa Gabrieli ulikuwa haujasemwa. Foleni ilikuwa ndefu. Marsela alikuwa wa kumi na nne, tetea mwekundu kwapani, anaongea na jirani yake kuhusu kwaya. Gabrieli aliwapokea mmoja mmoja kwa heshima zote, akauliza habari za watoto, akawafungulia banda. Wakati wa kutoka jioni pia yeye ndiye huwafungulia kuku, maana siku za mwanzo walikuwa wanajikwaruza kwenye seng'enge.

"Mimi sijaomba kuku wa mtu," Gabrieli alisema mbele ya kinasa sauti. "Ni mila zetu. Mtu akitendewa jema anashukuru. Hao kuku nawala? Siwezi. Tulijaribu kumpika mmoja, sufuria haikuchemka siku tatu, kuni zikaisha. Nawauza? Wananikimbia mnadani. Sasa faida yangu nini, hebu niambie."

"Kwa nini unawapokea basi?"

"Nikimkatalia mtu shukrani yake, si nimemdharau?"

Nyuma yake mpiga picha wa kampeni alikuwa anaomba foleni isogee kidogo, jua linaingia kwenye lenzi.

Kisha Gabrieli akamshika Arcade mkono, akampeleka nyuma ya nyumba. Kwenye tawi la mpera alikaa jogoo mzee, kipara shingoni, jicho moja bovu. "Huyu aliletwa na mzee Fabiani, mwaka ule wa mafuriko. Tuta lilikuwa linakatika, nikasimama kwenye maji mpaka hapa" — akagusa kifua — "usiku kucha na magunia ya mchanga. Hajaondoka mpaka leo. Liandike na hilo."

Arcade aliliandika. Alimuuliza mzee Fabiani, naye akasema ni kweli kabisa, asingekuwa Gabrieli kijiji kizima kingeenda na maji.

Kabla ya kupanda basi alirudi kwa Marsela. Alimkuta tena kwenye tuta. Mwenyekiti alikuwa amemwambia zamu yake ya maji itaangaliwa.

"Mama, nimekuja kuomba radhi," Arcade alisema. "Jana nilikubana."

"Hukunibana sana."

"Kuku alirudi."

Marsela alikubali kwamba ni kweli, kuku alirudi.  Kisha Arcade akawasha kinasa sauti, akamrekodi upya kuanzia mwanzo, dakika kumi na moja, na hakumwambia kwamba ana watu wengine.

Mpanda, Agatha alisikiliza kipindi chote akiwa amefumba macho. Kilianza hivi: "Mimi ninayewasomea habari hii nilipewa kuku, na kuku huyo alirudi kwao." Kikaendelea na mfereji, bango, foleni, na jogoo wa mzee Fabiani. Gabrieli alipewa dakika sawasawa na Marsela, kwa saa ya ukutani.

"Umeegemea?" Agatha aliuliza.

"Sikupata ukuta, dada. Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa waliopokea kuku."

"Na maana yake iko wapi? Nilikwambia nataka maana."

"Ipo mle ndani. Sentensi moja, ile niliyomwambia Marsela: Sijui kama nitakufikia."

Agatha aliirudisha nyuma, akaisikiliza mara mbili, akaruhusu kipindi kiende hewani. Watu wengi walipiga simu. Wengi wao waliuliza bei ya kuku Lusambila.

Mwezi wa kumi Gabrieli alichaguliwa kuwa diwani, kwa kura nyingi. Uenyekiti wa kamati ya maji uliangukia kwa shemeji yake, Anselmo. Kuku nao wakabadili njia: sasa saa kumi na mbili wanatokea upande wa kanisani, anakokaa Anselmo. Madereva wa malori walipata taabu siku mbili tatu, wakazoea.

Maji yalikuwa yamemfikia Marsela siku ya kumi na moja tangu Arcade amkute kwenye tuta. Jaruba moja lilikuwa limeshakufa, la pili likatoa nusu, la tatu likasimama. Alivuna magunia saba pale ambapo angevuna kumi na tano, akamshukuru Mungu kwa sauti, hapo hapo shambani, kwa yale saba. Hakumtajia Mungu yale mengine. Alisema Mungu anajua kuhesabu.

Wiki moja kabla ya Krismasi alifika Mpanda kwa basi, gauni la kitenge, kikapu mkononi. Alikwenda moja kwa moja redioni. Ndani ya kikapu alikuwemo yule tetea mwekundu mwenye kidoa cheupe.

"Nimekuja kushukuru," alimwambia Arcade.

"Kwa lipi, mama? Maji hayakuwahi. Sikusaidia kitu."

"Ulirudi kuniomba radhi. Nina miaka hamsini na sita, wamenikosea wengi, wengine wazuri tu. Hakuna aliyewahi kurudi."

 Arcade ni mtu wa utani; mkewe Joséline husema hata msibani inabidi ashikwe mkono. Siku hiyo alimpokea kuku kwa mikono miwili, akainama kama wanavyoinama kwao Mishamo mbele ya mkubwa, akasema asante, basi.

Kwa bahati, siku hiyo hiyo Mheshimiwa Gabrieli alikuwa mjini kwa kikao, na Agatha alikuwa amemwalika studio azungumzie siku zake za kwanza kazini. Alimwomba Marsela naye aingie, pande zote. Wakaketi watatu kuzunguka meza, Arcade katikati. Kuku aliwekwa sakafuni. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu.

Gabrieli alizungumza vizuri. Alizungumzia barabara, alizungumzia zahanati. Walipofika kwenye maji, alirudia kwamba Lusambila hakuna rushwa, kuna shukrani, na wanaoita shukrani rushwa hawajui mila za Wapimbwe. Marsela alisikiliza, mikono juu ya mapaja.

Saa kumi na mbili kamili ikagonga kwenye saa ya ukutani. Wote watatu walitazama chini. Fundi mitambo naye alisimama nyuma ya kioo chake ili aone. Tetea mwekundu alinyanyuka, akajikung'uta, akazunguka kiti cha Arcade mara moja. Kisha akakaa juu ya kiatu chake cha kushoto, akaingiza kichwa kwenye bawa, akalala.

Arcade hakusogeza mguu. Mpaka leo anakumbuka uzito ule, na anasema hajawahi kulipwa vizuri hivyo.

Gabrieli alicheka kwa ukarimu, akasogea kwenye maikrofoni. "Wasikilizaji hamuoni, ngoja niwaambie. Huyu mama amemletea mwandishi kuku. Kuku yule yule aliyekuwa ananiletea mimi! Mwandishi kapokea, yuko hapa mguuni kwake. Sasa mama yangu, waeleze watu. Kwangu rushwa, kwake shukrani. Mkono ni wako mmoja, kuku ni mmoja. Tofauti iko wapi?"

Taa nyekundu ilikuwa inawaka. Agatha, nyuma ya kioo, hakuonyesha upande wowote.

Marsela alisogeza kiti mbele, taratibu, asimwamshe kuku.

"Huyu nimemletea kuku mpunga ukiwa ghalani, Mheshimiwa. Wewe nilikuletea mpunga ukiwa unakufa."