Meza Iliyogoma Mlangoni

Seremala alikuwa na mtoto mmoja tu, wa kike, na mtoto huyo tangu aanze kuitwa kijana alikuwa amefunga mdomo kama aliyelipwa kuufunga. Ukimuuliza habari za shule, nzuri. Ukimuuliza kama amekula, ndiyo. Ukithubutu swali la tatu, unajibiwa na mlango wa chumba chake. Na mlango wenyewe seremala aliutengeneza kwa mikono yake, wa mbao ngumu, ukifungwa hupati hata mnong'ono. Kazi nzuri nyingine huja kumtokea mtu puani.

Zamani haikuwa hivyo. Alipokuwa mdogo, binti alishinda karakana, vumbi la mbao limemjaa kwenye nywele, akiuliza maswali mpaka baba yake anasahau alichokuwa akipima. Seremala alimketisha kwenye kigoda na kumwambia, "Usiguse kitu mpaka nikwambie." Mikono ikatulia, mdomo je? Mdomo haukukatazwa.

Basi jioni moja, wakiwa mezani, binti akatoa sentensi nzima.

"Baba, nataka kompyuta ya kuchezea gemu. Sitaki iliyokamilika, hiyo ghali. Tununue vipande tuunge wenyewe."

Mama yake, muuguzi ambaye hashtuki hata mbele ya damu, aliacha kijiko hewani. Seremala yeye alishika neno moja tu: tuunge.

"Vipande gani hivyo?" akauliza, taratibu, kama mtu anayemkaribia ndege asiruke.

Hapo bomba likafunguka. Binti akaeleza kwamba prosesa ndiyo akili, kadi ya picha ndiyo inayochora kila unachokiona, pawasaplai inalisha wote umeme, na feni zinapuliza joto litoke. Na vyote hivyo vinapachikwa kwenye ubao mama.

"Hapo kwenye ubao nimekuelewa," seremala akasema. "Wa mti gani?"

Binti akalaza kichwa mezani kwa kicheko. Seremala hakuwa amekisikia kicheko hicho kwa muda mrefu, na kilimwingia mpaka kwenye mifupa.

Tangu siku hiyo akawa mjinga wa hiari. Kila jioni aliuliza upya kadi ya picha ni nini, na kila jioni alieleweshwa upya, kwa michoro na kwa mikono. Wakalinganisha bei, wakabishana kama bora prosesa mpya ya chini au ya zamani yenye nguvu.

"Mume wangu, hili si ulieleweshwa juzi?" mkewe akamuuliza. "Kichwa chako kinavuja?"

"Mambo ya kisasa haya. Yanaingia polepole."

Lakini kilikuwepo kilichomkosesha raha. Vipande vikishanunuliwa na kuungwa, mazungumzo yameisha. Binti ataibeba kompyuta yake, ataingia nayo chumbani, na ule mlango utafungwa. Yaani yeye baba alikuwa anakwenda kununua kwa jasho lake kitu kitakachomnyang'anya mtoto kwa mara ya pili.

Dukani, binti aligeuka mtu mwingine. Kadi ya picha aliichukua iliyokwisha tumika, lakini kwanza aliamuru iwashwe, akainamisha sikio kusikiliza feni zake. Mwenye duka alipomsogezea pawasaplai ya bei ya chee, aliirudisha bila hata kuifungua.

"Hii ikifa haifi peke yake. Inaua na wenzake."

"Mzee, huyu umemtoa wapi?" mwenye duka akamuuliza seremala.

"Karakana," akajibu, kifua mbele.

Walipomaliza, fedha zilizobaki hazikutosha hata kesi ya kuvitia vile vipande. Binti akaanza kuitazama tena ile pawasaplai ya chee, uso umemshuka. Seremala akadaka nafasi.

"Kesi? Mimi seremala ninunue sanduku la bati? Watu watanicheka. Nitakutengenezea."

Akatengeneza kweli, na binti akarudi karakana kumsimamia. Alichora matundu ya hewa pa kuingilia na pa kutokea, akamkataza baba yake kuyaziba kwa urembo. Kisha seremala, bila kumtazama usoni, akaleta wazo lake: sanduku na meza viwe kitu kimoja, sanduku likae tumboni mwa meza.

"Kwa nini vishikane?" binti akauliza.

"Uimara."

Akavuta tepu, binti akashika upande wa pili.

"Inasomaje hapo?"

Binti akaisoma namba, akamwangalia baba yake.

"Sawa," akasema. "Endelea."

Siku ya kuiingiza meza ndani, vipande vikiwa vimeshaungwa tumboni mwake, wote watatu waliibeba. Ilipita mlango wa mbele, ikapita sebule, ikafika kwenye mlango wa binti ikagoma. Wakailaza ubavu, ikagoma. Wakaisimamisha, ikagoma zaidi. Mama mtu akaketi chini na kucheka mpaka machozi.

"Mlango umeutengeneza wewe! Meza umeitengeneza wewe! Leo vimekutana havijuani!"

Seremala akajikuna kisogo, akavaa uso wa msiba. "Basi itabidi ikae sebuleni. Kwa muda."

"Wateja wako wakisikia watarudisha makabati!"

Akayameza yote. Kwa fundi kama yeye kuambiwa hajui kupima ni tusi, lakini tusi hilo alishalikubali moyoni kabla hajashika msumeno. Ila binti hakucheka. Alichomoa tepu mfukoni mwa baba yake, akapima mlango, akapima meza, kama anayehakiki hesabu.

Seremala akaona haya. Alijiona mzee mzima aliyemfanyia mtoto hila, akamnyima chumba chake mwenyewe.

"Nimekosa, mama," akasema kwa sauti ya chini. "Niliogopa ukiingia nayo humo sitakuona tena. Nikitoa boliti zinazoshikanisha sanduku na meza, inagawanyika sehemu mbili, itapita. Nilete spana?"

"Baba, tepu si nilishika mimi?"

"Ndiyo."

"Basi namba niliiona. Na mlango wangu nilishaupima kabla hatujaenda dukani, nikiwaza meza ya kuiwekea kompyuta."

Seremala akauliza, "Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi sana na ujanja wako. Na humo chumbani," akainua bega, akitazama pembeni, "nani angekuwa ananiuliza maswali?"

Mama akaacha kucheka. Akainuka, akasaidia kuisukuma meza mpaka chini ya dirisha la sebule.

Binti akaunga waya, akabonyeza kitufe, feni zikaanza kuvuma taratibu kupitia matundu yake. Kioo kikawaka. Kisha akaenda karakana akarudi na kile kigoda cha zamani, akakiweka kando ya kiti chake, akakipigapiga kwa kiganja. Seremala akaketi, magoti karibu na kidevu, akanyoosha mkono kuelekea kwenye kipanya.

"Usiguse kitu mpaka nikwambie."

Akaurudisha mkono mapajani. Machozi yalikuwa yamemlenga.

"Haya," akasema. "Nikumbushe tena. Kadi ya picha ni ipi?"